Niliagiza monitor ya kuchorea ramani, nikaletewa TV ya sebuleni

Wakuu, salaam kutoka Bujumbura.

Leo sina utani. Nitakayoandika hapa yamenikuta mwenyewe na sijaongeza chumvi, maana iliyomo tayari inanitosha. Ni marefu kidogo, kwa hiyo mwenye haraka apite tu.

Kwanza nijitambulishe. Mimi ni mwanamke, nina mume na mtoto mmoja anaitwa Nadia, tunaishi Musaga pamoja na mama mkwe wangu. (Wale wa PM, nimeshasema nina mume.)

Kazi yangu ni kuchora ramani za majengo kwenye kompyuta. Sio mimi ninayebuni jengo, hapana. Architecte anatoa mchoro wake, mimi nausafisha, naweka vipimo, mabomba, nyaya za umeme, mpaka fundi aweze kujenga bila kuuliza uliza. Huku tunaitwa dessinateur.

Miaka yote ya kazi hii nimechora kwenye laptop ya inchi 14. Mnaochora mnajua mateso yake. Ramani nzima ukiiona, husomi kitu. Ukii-zoom usome, hujui tena uko chumba gani. Jioni macho yanatoa machozi na kichwa kinagonga.

Sasa kuna mama mmoja architecte, ana ofisi yake Kinindo, nimwite Madame Goreth. Alikuwa ananipa kazi moja moja. Mwaka huu akanipa kubwa: ramani za kliniki ya uzazi inayojengwa Kanyosha. Akaniambia kwa mdomo wake, kazi hii ikiisha vizuri ananichukua moja kwa moja, na kontrati, na meza yangu ofisini.

Wakuu, mlioajiriwa toka zamani hamwezi kuelewa. Meza yangu! Nilitembea na hilo neno kichwani wiki nzima.

Nikasema sasa hapa nanunua monitor.

Nilisoma sana. Nyuzi za humu ndani nimezisoma karibu zote za monitor. Nikafikia uamuzi: inchi 27 au 32, isizidi hapo, kwa sababu nakaa karibu na kioo. Panel ya IPS ili rangi zisibadilike ukigeuza shingo. Kioo kisichong'aa, maana dirisha letu linatazama jua. Mguu wa kupanda na kushuka. Resolution kubwa ili mstari mwembamba ubaki mwembamba.

Na niliipata! Pale mjini kuna duka linauza vitu vya occasion, yaani mitumba, kutoka Ulaya. Inchi 27, ina mkwaruzo mdogo pembeni, kioo safi kabisa. Nilichomeka laptop yangu palepale, nikafungua ramani ya kliniki. Nilikaribia kulia. Kila mstari umesimama peke yake.

Nikarudi nyumbani kumwambia mume wangu, nikiwa na furaha ya kijinga.

Akaniuliza, "Chérie, utanunua kwa mutu wa barabarani, na Shabani anaenda Dubai wiki ijao? Akisikia atasema nini? Na mama?"

Shabani ni mdogo wake, shemeji yangu. Anafanya biashara ya vitu vya umeme, anakwenda na kurudi. Na hapa ndipo watu wa mbali hamtanielewa. Huku kwetu ukiwa na ndugu anauza kitu, hukinunui kwa mwingine. Ukinunua kwingine umetangaza mtaa mzima kwamba ndugu yako ni mwizi.

Basi nikampigia shemeji. Nikamtumia picha ya monitor ninayoitaka. Nikamtumia na maelezo ya sauti, polepole, kwa heshima zote: shemeji, naomba monitor ya kompyuta, kubwa, ya kuchorea.

Yeye katika yote hayo alisikia neno moja tu. Kubwa.

Mzigo ulifika siku ya Ijumaa, baada ya swala. Shabani aliubeba na rafiki yake, umeshonewa ndani ya gunia jeupe kama wanavyofanya watu wa cargo. Nilipoona urefu wa lile gunia niliona hili si la inchi 27. Nikajipa moyo, labda wamejaza maboksi ya kuzuia isivunjike.

Majirani wameshaingia. Mama mkwe ametoka chumbani na kanga mpya. Nadia anaruka ruka.

Nikapokea kwa mikono miwili.

Hili nalo nataka mlielewe. Ndugu akitoka safari na kitu chako, hukifungui kwanza ukakagua kama uko dukani. Unapokea kwa mikono miwili, unashukuru mbele za watu, mkubwa wa nyumba anaomba dua, mnaitikia amina, ndipo mkasi unaletwa. Ukishaitikia, kitu ni chako. Kukikataa baada ya hapo ni kumkataa aliyekileta, pamoja na dua ya mama juu yake.

Mama mkwe akainua mikono, akaomba. Tukaitikia amina. Mimi niliitikia kwa sauti kuliko wote.

Gunia likakatwa. Kwenye boksi kulikuwa na picha ya familia imekaa kwenye sofa inacheka.

Hakuna kampuni inayouza monitor kwa picha ya watu kwenye sofa.

Shabani anang'aa uso mzima. "Mama Nadia, ile yako nimeiona kule! Kalikuwa kadogo, ka ma-bureau, ka mu ofisi. Nikasema apana, mutu wa kwetu hawezi kupata kitu ya vile. Nimekuletea cinquante pouces!"

Inchi hamsini. Watu wakapiga makofi. Mimi nikasema asante shemeji, Mungu akulipe.

Usiku chumbani nilijaribu kumweleza mume wangu kwamba hii ni TV. Akasema, "We uliomba kubwa. Hii iko kubwa. Sasa unataka nini? Usimuzarau mudogo wangu, ametoka nayo mbali."

Sasa nitoke nje ya mada kidogo, kwa faida ya anayetaka kununua.

TV sio monitor iliyonenepa. TV imetengenezwa uitazame ukiwa umekaa kule mbali. Nyingi zikipokea picha ya kompyuta zinabana rangi. Kwenye filamu huoni kitu. Ila programu za kuchora zinatumia mistari myembamba ya rangi juu ya background nyeusi, na hapo ndipo uozo unaonekana. Mstari mwekundu unavimba na kutoa ukungu. Miwili ya rangi ikikaribiana inakuwa mmoja mnene.

Na kabla hamjaniandikia "weka PC mode": niliweka. Sharpness nilishusha mpaka sifuri. Overscan nilizima, maana mwanzoni hata kingo za ramani zilikuwa zinakatwa. Kingo zikarudi, herufi zikatulia kidogo, rangi zikabaki vilevile. Na kwa vile laptop yangu ni ya zamani, 4K inatoka kwa 30Hz tu. Mouse inatembea kama imekunywa.

Pamoja na hayo yote ningeweza kuvumilia. Nilikuwa nimepanga niiweke chumbani kwenye meza yangu, nisogee nyuma, nijilazimishe.

Siku moja natoka Kinindo kwa Madame, naingia ndani, nakuta imeshapigwa misumari ukutani sebuleni. Mume wangu amesimama pembeni na drili, anaisifu kazi yake. "Kule mu chambre itavunjika," akasema.

Toka siku hiyo nikawa naomba ruhusa kutumia monitor yangu mwenyewe.

Mama mkwe ana tamthilia zake za Kituruki mchana. Nadia ana katuni. Mume ana habari. Shabani na rafiki zake wana mpira. Mimi napewa mianya. Nakaa kwenye meza ya kulia chakula na waya mrefu wa HDMI, mgeni akiingia nanyanyuka nimsalimie, nikirudi nimesahau nilikuwa bomba gani. Umeme ukikatika ndiyo kabisa.

Mtaniuliza kwa nini sikurudi kwenye laptop. Nilirudi. Macho yalikuwa yameshachoka, nikichora saa moja kichwa kinapasuka. Kwa hiyo laptop nilichorea, na TV nilikagulia. Nikajiona mjanja.

Siku ya kukabidhi ramani za mabomba ilikuwa Jumamosi, siku ya mechi. Niko kwenye hatua ya mwisho, ile ya kufuta mistari iliyochorwa mara mbili. Wachoraji mnaijua: unakuta mstari umelala juu ya mwenzake, unafuta mmoja.

Nyuma yangu sofa imejaa. Shabani ameshika rimoti mkononi tayari.

"Mama Nadia, bado? Mupira inaanza."

"Dakika moja, shemeji."

"We malizia kesho! Nyumba haiwezi kukimbia."

Wakacheka. Mume wangu naye alicheka.

Kwenye chumba cha kujifungulia nikaona mstari mmoja mnene mwekundu ukutani. Nikajua ni ile miwili iliyolaliana. Nikachagua, nikafuta mmoja, nikatuma ramani, nikachomoa waya. Kelele za uwanjani zikajaa nyumba.

Haikuwa miwili iliyolaliana, wakuu. Mmoja ulikuwa bomba la maji safi, na mwingine, wa zambarau, ulikuwa bomba la kutoa maji machafu. Kioo kilikuwa kimeivalisha nguo moja.

Madame alinipigia akiwa Kanyosha, kwenye site. Akasema njoo.

Nilimkuta amesimama ndani ya chumba cha kujifungulia. Zege la chini limeshamwagwa na kukauka. Zuri, laini, limesawazishwa vizuri. Na hakuna hata tundu moja la maji kutoka.

Akakunjua ramani yangu juu ya mfuko wa saruji. "Mama Nadia, évacuation iko wapi? Mu plan yangu ilikuwako."

Nikaeleza. Nikaanza kusema habari za rangi, za TV, za shemeji. Nikajisikia mwenyewe ninavyosikika.

Hakunifokea, na ningependa angefoka. Alikunja ile ramani taratibu, akasema, "Hapa watu watazalia. Damu, maji, yote yataenda wapi? Mi sikukasirikii. Lakini siwezi kusinya kontrati na mutu anafuta kitu ya vile."

Mafundi wakaanza kuvunja zege tukiwa bado tumesimama pale. Nyundo ya kwanza niliisikia mpaka kwenye meno.

Ile meza Kinindo amepewa kijana mwingine. Nimesikia ofisi imemnunulia na monitor. Sijauliza inchi ngapi.

Nilipofika nyumbani siku ile TV ilikuwa inawaka. Nilimwambia mume wangu nimekosa kazi. Akashusha sauti kidogo, akasema pole sana, Mungu atafungua mlango mwingine. Alikuwa na huruma ya kweli, siwezi kumsingizia. Kisha akaongeza sauti.

Na kinachoniuma zaidi ni kwamba Shabani sio mtu mbaya. Angekuwa mbaya ningemchukia nipumzike. Mpaka leo akiingia anaiangalia ile TV ukutani, anajivuna kwa ajili yangu. Mama mkwe kila tamthilia ikiisha ananiombea. "Mutoto wangu, Mungu akuzidishie, umetuletea furaha mu nyumba." Naitikia amina. Ningefanya nini?

Wiki iliyopita tulipata mgeni, mtu anayefanya kazi na mume wangu. Akashangaa ukubwa wa kioo. Mume wangu akasema kwa fahari, "Hiyo ni ya bibi yangu huyu. Ni mashine yake ya kazi."

Mgeni akanigeukia kwa adabu kabisa, akaniuliza kazi gani.

Kabla sijafungua mdomo, mume wangu akajibu, "Alikuwa anachora manyumba."

Alikuwa.

Nilikwenda jikoni nikaangalia chai ambayo ilikuwa bado haijachemka.

Nilichojifunza, wakuu: monitor chagua kwa macho yako na kwa kazi yako, uipime na file lako mwenyewe, kama nilivyofanya pale dukani kabla sijajitia adabu. Ukubwa usikudanganye. Na kama kitu sicho, kikatae gunia likiwa bado limeshonwa. Watanuna, watakuita una dharau, itapita miezi hawaji kwako. Waache wanune. Mimi hakuna aliyeninunia hata mmoja, wote wana furaha, na sina kazi.

Nimeanza upya na kazi ndogo ndogo, kadi za harusi na mabango ya maduka. Ile ya occasion mjini ilishauzwa. Natafuta nyingine, na safari hii nanunua kwa mtu nisiyemjua hata jina, Shabani akasirike, mama akasirike, wote.

Kwa hiyo wenye uzoefu tiririkeni hapa chini, nitasoma kila comment. Nitajieni monitor nzuri kwa mchoraji. Mistari iwe mikali, rangi za kweli. Isiwe na rimoti. Isiwe na spika. Isiwe na tundu la antena. Na kama ipo yenye sura mbaya kiasi kwamba hakuna binadamu atakayeitaka sebuleni kwake, anzeni na hiyo.