Seti ya Sarafu Aliyoiacha Shemeji

Jirani yangu fundi saa tunamwita Jicho. Ukimwambia habari za asubuhi, anachungulia kwanza nje kuona kama ni asubuhi kweli. Napenda kukaa kibandani kwake, maana miguu yangu siku hizi hainifikishi mbali. Zaidi ya saa, hununua sarafu za fedha za zamani, zile zilizotengenezwa kwa kutunzwa tu, uso kama kioo, zikalazwa pamoja kwenye kasha la mahameli.

Juzi dada yake, mshonaji, alikuja na seti aliyoachiwa na marehemu mumewe. Cherehani yake imekufa, na tegemeo lake la kupata nyingine ni hiyo seti.

Jicho akavaa lenzi. Alizishika sarafu kwa ukingo tu, akizigeuza moja moja, mpaka nikajikuta nakohoa bure.

"Hii kubwa si ya humu."

"Kaka!"

"Nyingine zote zimefifia. Fedha ikikaa kasha moja huzeeka pamoja. Hii inang'aa kama ya jana. Nani alishika kasha? Yule wifi yako?"

"Wifi hajui hata lilipo. Sema tu unataka kunipunja."

"Nikupunje wewe, mdogo wangu?"

"Umenipunja tangu utoto, tukigawana nyama."

Nikacheka. Wakanikazia macho wote wawili, nikawa mtuhumiwa wa tatu.

Jicho akaigeuza kwenye mwanga. "Ina mikwaruzo midogo midogo. Uliisugua?"

Dada mtu akainamisha uso. "Kwa dawa ya meno. Nilitaka ikupendeze. Nyingine nilikuwa sijazifikia."

"Ohoo! Umeumaliza ule uso wa kioo. Hii sasa ni ya kupima uzito tu. Zenye bei ni hizo zilizofifia."

"Ala! Chafu ghali, safi rahisi? Hapo nimejua naibiwa."

Akalibeba kasha hadi kwa sonara ng'ambo ya barabara. Jicho akasimama mlangoni, akimchunga sonara. Dada akarudi uso umemshuka: sonara alitaka kuzinunua zote kwa uzito, aziyeyushe.

Basi Jicho akazilipia zile nzuri kwa bei yake, na ile kubwa kwa uzito. Pesa za zile nzuri peke yake zilitosha cherehani iliyotumika.

"Na hiyo kubwa utaiyeyusha?" dada akauliza.

"Hapana. Nitaiweka."

"Unaiweka ya nini kama haina thamani?"

Jicho akajifanya anafuta lenzi. Dada akamrudishia pesa ya ile moja, akaitia sarafu mkobani, akaondoka akigeuka kututazama.