Nafasi ya Baba

Mpiga picha za pasipoti alikuwa mzee kuliko wote katika kundi moja la simu la mashabiki wa filamu za mashujaa, na mashujaa wenyewe hakuwapenda hata chembe. Watu wazima kugombania nani anafaa kuigiza mwanamke anayepaa, tena katika filamu ambayo hakuna atakayeitengeneza! Lakini bintiye alikuwamo, akijiita Msumari, na mtaka cha mvunguni sharti ainame. Akajiunga kwa jina la Mzee Kijana.

Binti hakuwa amezungumza naye tangu wamzike mama yake, miaka miwili nyuma. Siku ile mzee hakuishusha kamera, maana bila kamera asingejua mikono aiweke wapi. "Mama anazikwa, baba, na wewe unapiga picha," binti alimwambia, akaondoka. Sasa mzee alisoma kila alichoandika Msumari, akicheka peke yake mbele ya pazia la bluu la studio. Alitamani neno moja tu lielekezwe kwake.

Asubuhi moja ikaletwa hoja mpya: nani aigize shujaa anayemsikia kila amwitaye, hata awe mbali vipi? Zikamiminika picha za waigizaji. Mzee akazitazama, akasonya. Akafungua droo, akatoa picha ya mkewe, akaipiga kwa simu na kuituma.

Wakampenda. "Huyo ndiye! Ameigiza filamu gani?"

Kisha Msumari akaandika: "Huyo ni mama yangu. Na mkato huo wa pembe za picha naujua. Mzee Kijana, wewe ni nani?"

Pembe za mviringo, kazi ya mkasi wake, tangu binti hajazaliwa. Mzee akaandika, akafuta. Akaandika tena.

"Shikamoo, mzee. Nataka nne, nina haraka," mteja alisema mlangoni.

Mkono ukaikumbuka kazi kabla ya kichwa. Akaweka simu chini, akachukua kamera. Akamnyanyua mteja kidevu, akampiga, akachapa, akakata pembe moja moja bila papara.

Aliporudi kwenye simu akatuma bila kusoma: "Ni mimi, mwanangu. Baba yako."

Ndipo akaona mstari uliotangulia: Msumari ameondoka kwenye kundi.

Chini ya ujumbe wake mtu alikuwa ameshajibu: "Kumbe shujaa ana mume? Haya jamani, nafasi ya baba iko wazi. Nani anafaa?"

Mzee alisubiri. Hakuna aliyependekeza mtu.