Bateau Yenye Balikamata Mara Mbili

Miye masomo niliachia mu deuxième secondaire. Donc nikisema kama ile samedi nilifundisha Bazungu chimie, mutacheka. Mucheke tu. Miye bado kasirani haijaisha.

Ku Jette, huku kwa Bazungu, kuko club ya bazee benye kutengeneza bateaux, mashua ndogo-ndogo za mbao. Niliingia mule ju ya chauffage, ile mashini ya kupasha nyumba moto. Ya kwangu ilikuwa imekufa. Président wa club, Muzungu wa moustache ya kuchanuliwa, akanipa plan ya bateau moja ya corsaire. Corsaire ni mwizi wa ku bahari, mais mwizi mwenye karatasi ya mfalme. Marine, jeshi ya bahari ya mfalme mwingine, ikakamata ile bateau, ikaiongezea mizinga, ikaibadirisha jina, ikaituma kuwinda ma-corsaire benzake. Ile hadisi ilinipendeza. Hiver mbili, miezi yote ya baridi, nilikata mbao, nilibandika, nilibandika mpaka na vidole vyangu.

Siku ya exposition, ya kuonyesha bateaux kwa bageni, nafika na costume, bibi yangu ku mukono. Minaona bateau yangu ku table ya président. Na ku karatasi: jina yake.

"Président, pardon, hii ni yangu."

"Mon ami, mbao ni ya club, plan ni ya club." Halafu akageukia bageni: "Muangalie hizi kamba. Fil de lin, uzi ya kitani, kama ya zamani. Nilisokota miye mwenyewe."

Lin! Damu ilinipanda mpaka ku masikio. Zile kamba zote ni mèches za kusukia nywele, rangi nyeusi, nilitosha ku salon ya bibi yangu ku Matonge. Na kila mwenye kusuka anajua: lin ikiungua inakuwa majivu, mèche inayeyuka, inafanya kitone cheusi, na inanuka.

Nikatosha briquet ya sigara mu mufuko. Nikachoma kamba moja ya nyuma, kidogo tu.

Bon, si kidogo. Mulingoti muzima ulilegea. Harufu ikajaa mu salle, bageni bakashika pua, na bibi yangu akanipigia kelele:

"Eeh, papa! Kumbe weye njo mwizi wa mèches zangu! Miye nilifukuza ule mutoto wa kazi wa salon bure!"

Bote bakacheka, hata miye kidogo. Président hakucheka. Akanivuta pembeni, sauti chini:

"Alors, tuandike majina mbili. Yangu juu, yako chini."

Chini! Ku bateau ya mikono yangu! Nikabeba bateau, mulingoti ukining'inia, tukatoka.

Mu bus, madame mmoja akaiangalia, akatabasamu.

"Ni nzuri! Mulinunua wapi?"

"Sikununua, madame. Niliitengeneza. Miye!"

Nilisema nguvu mpaka chauffeur akaniangalia mu kioo ya rétroviseur.