Jaketi Lenye Mikono ya Kushoto

Kwenye karakana ya ushonaji walimwita Miwani, ingawa hakuna aliyewahi kumwona na miwani. Kila akipewa kitu cha kusoma alijipapasa kifuani, akajipapasa na kichwani, kisha, "Aa, miwani nimeiacha nyumbani."

Macho yake hayakuwa na kasoro. Herufi ndizo hazikutulia: akizikazia, zinahamahama kama zinadaiwa kodi. Kazi mbili za kwanza zilimtapika siri ilipovuja, tena kwa upole wa kuudhi: walimwambia akapumzike. Hii ya tatu aliing'ang'ania kwa meno.

Mkata vitambaa, bwana mnene mwenye mwandiko wa kuku, aliandika kwa chaki nyuma ya kila mkono wa jaketi: wa kushoto au wa kulia. Kila asubuhi Miwani aliwahi kufika kabla ya wote, akajipimia kila kipande mkononi, na wa kushoto akaufunga uzi mwekundu. Baada ya hapo alishona huku anapiga umbea, hana habari na chaki.

Mpaka asubuhi moja shoga yake, mshona vifungo, aliposhikwa na ugonjwa wa usafi akazinyofoa nyuzi zote, akidhani takataka. Watu walishajaa. Miwani aliona haya kujipimia mbele yao, akajitosa na herufi.

Alasiri mlinzi alikuja kujaribu sare yake. Mkono wa kulia ukamvuta nyuma, akasimama kama mtu anayejikuna mgongo na hafiki.

"Jamani, nimevalishwa au nimekamatwa?"

Karakana ikaangua kicheko. Fundi mkuu, mama asiyecheka bure, akaligeuza jaketi. "Mikono yote ya kushoto. Nani huyu?"

Miwani akaanza kujipapasa kifuani.

"Achana na hiyo miwani. Sema."

Akasema yote, herufi na nyuzi. Kisha akavua aproni, maana alijua kinachofuata ni upole.

"Shetani wewe!" mshona vifungo akadakia. "Si ungeniambia?"

"Nikuambie wewe, mtaa mzima ujue kabla ya chai?"

"Chai? Unanidharau. Kabla hujafunga mdomo!"

"Na hiyo aproni inakwenda wapi?" fundi mkuu akauliza.

"Nyumbani, mama."

"Ikakae na miwani? Rudi hapa ufumue. Na wewe msafi, msaidie. Wewe bwana wa chaki, kuanzia leo kila mkono wa kushoto utoke mezani kwako na uzi mwekundu."

"Mimi mwanaume mzima nifunge nyuzi?"

"Basi jifunze kuandika. Hata mimi nakusoma kwa kubahatisha."

Walifumua mpaka jioni, wakimtania Miwani bila huruma. Hakuna aliyempa pole hata moja, naye akawarudishia matusi yao na riba.

Wakati wa kuondoka, mshona vifungo akamfunga uzi mwekundu mkononi. "Wa kushoto huo, usije ukapotea njia."

Miwani akautazama mkono wake, akautazama tena, akacheka mpaka akakaa chini.

"Huu ni wa kulia, mpumbavu wewe!"