Mama Alivyoikataa "Huenda"

Nilipoingia chuo huko Thika sikuwa na wasiwasi na Kiingereza. Katika shule ya msingi, mwalimu wetu alikuwa akisoma insha zangu mbele ya darasa, na nilikuwa na kijitabu kidogo cha misemo mitamu niliyoikariri. Kwenye kijitabu hicho jua halikuchomoza tu; lilichungulia kutoka kitandani mwake mashariki likitabasamu. Mtu hakuogopa tu. Jasho lilimtiririka kama mto. Kila msemo uliniongezea alama, nami niliikusanya misemo hiyo nikafika nayo mpaka chuoni.

Kazi ya kwanza tuliyopewa ilikuwa kuchagua jambo ambalo watu wa mtaani kwetu hulifanya kila siku na kueleza kwa nini hulifanya. Nikamchagua mama. Mama huuza nyanya, sukuma wiki na dania kwenye lango la soko letu kule Ruiru, ingawa ana kibanda chake ghorofani mwa soko hilo, chenye paa na meza ya saruji. Niliandika kurasa nne. Ule wa kwanza karibu wote ulikuwa wa kusimulia jua.

Karatasi ilirudi bila wino mwekundu. Mhadhiri wetu, mama wa makamo mwenye sauti ya chini, ambaye sote tulimwita Madam, alitumia penseli. Pembeni mwa karibu kila aya aliandika swali moja tu: nani anasema? Mwishoni akaniambia nipite ofisini.

Nilikwenda nikiwa nimejitayarisha kutetea sarufi yangu. Akasema sarufi haina shida. Shida ni kwamba alifika ukurasa wa tatu na bado hakujua ninataka kumwambia nini. Kisha akakiacha Kiingereza kabisa.

"Hebu niambie kwa Kiswahili. Kwa nini mama yako hapandi kule juu?"

Nikamjibu bila kufikiri. "Mtu wa kununua nyanya ameshuka gari, anaenda nyumbani kupika. Huyo hawezi kupanda ngazi kwa sababu ya nyanya nne."

Madam aliyaandika maneno yangu kwenye kikaratasi, akanisukumia. "Hii ndiyo insha yako," akasema. "Zile kurasa nne zilikuwa zinaizunguka."

Niliona aibu, halafu nikataka kucheka. Nikamuuliza basi lile jua nilipeleke wapi.

"Liache litue," akasema, na akajimiminia chai.

Nikaandika upya. Safari hii ilikuwa kurasa mbili, na zilikwenda moja kwa moja. Lakini swali la penseli lilikuwa bado pale, mara moja tu, kando ya sentensi niliyoipenda kuliko zote, iliyosema kwamba wanawake wa sokoni wote hukimbilia langoni. Nani anasema? Nikamwambia Madam kwamba ni mama. Akanieleza kwa upole kwamba mama ni shahidi mzuri wa mambo ya mama, ila mimi nimeandika wote.

Basi Jumamosi nikarudi Ruiru na daftari. Mama hakunipa nafasi ya kukaa kama mtafiti. Alinipa ndoo ya nyanya nipange mafungu, nami nikawa nauliza maswali wateja wakipungua. Aliwatangazia majirani zake kwamba nimetumwa na chuo, kwa hivyo wote walinijibu wakiwa wamenyoosha mgongo. Nilihoji wanawake saba. Watano walisema yale yale ya mama. Wa sita alisema yeye anapenda langoni kwa sababu ya stori; huko juu siku inaweza kuisha hujasikia habari ya mtu yeyote.

Wa saba nilimkuta ghorofani akifunga mafurushi ya mboga za managu. Akaniambia yuko sawa kabisa pale. Wateja wake ni wenye hoteli, wanampigia simu asubuhi, anawafungashia, wanatuma mtu kuchukua. Hapigwi na jua wala kunyeshewa na mvua. Langoni angeenda kutafuta nini?

Kusema kweli, alinikera. Sentensi yangu ilikuwa imesimama vizuri, naye akaja kuiangusha. Nilishuka zile ngazi nikiwaza kumwacha nje ya insha, kwani nani angejua? Lakini Jumatatu nikamtaja mbele ya Madam, nusu kama mtu anayeungama. Hiyo ndiyo mara ya kwanza nilipomwona Madam akitabasamu.

"Huyo ndiye uliyekuwa unamtafuta," akasema.

Siku hiyo akanifundisha yale maneno madogo ya Kiingereza ambayo kijitabu changu hakikuwa nayo, yenye maana ya huenda, inaelekea, wengi wa niliowahoji. Nilikuwa nikiyaona ni maneno ya mtu mwoga. Akasema hapana, ni ya mtu anayesema anachokijua na kuishia hapo.

Jumapili baada ya kanisa nilimsomea mama insha, nikimtafsiria sentensi baada ya sentensi. Alikuwa ameketi mlangoni akimenya minji, sufuria mapajani. Mwanzo alitikisa kichwa kukubali. Nilipofika pale niliposema kwamba huenda wateja wanaotoka kazini hawapendi kupanda ngazi, mikono yake ikasimama.

"Maitu," akaniita. Mimi ni binti yake wa pili, nina jina la mama yake mzazi, kwa hivyo huniita hivyo, yaani "mama yangu" kwa Kikuyu. "Mimi nilikuambia huenda?"

"Hapana, Mum."

"Nilikuambia watu hawapandi. Nimekaa hapo tangu ukiwa class two. Sasa unaenda kuwaambia walimu huenda?"

Nikaona kwamba ameumia kweli. Nikasogeza kiti karibu. "Wewe una uhakika, Mum. Mimi ndiyo sina. Nimeongea na watu saba tu, na mmoja amekataa."

Alitaka kumjua huyo mmoja. Nikamsimulia habari za mama wa managu, simu za hoteli na mafurushi. Mama alisikiliza mpaka mwisho. Kumbe miaka yote hiyo alidhani kibanda cha mama huyo kilishafungwa. Akarudi kumenya minji yake.

"Huyo amejipanga," akasema hatimaye. "Mwandike vizuri. Lakini mahali pangu toa hiyo huenda."

Tukakubaliana. Palipokuwa na maneno ya mama peke yake niliandika kwamba muuzaji mmoja wa miaka mingi anasema wateja hawapandi, bila huenda. Kwingine kote ikabaki. Madam aliweka alama ya vema hapo hapo, na chini akaandika kwamba aya ya mama wa ghorofani ndiyo bora kuliko zote. Sikupata A. Nilipata B iliyokaribia sana, na nilimpigia mama kutoka veranda ya darasa wenzangu wakinipita.

Akaniambia nisubiri, kuna mtu anataka dania. Nilisubiri, nikasikia karatasi ya gazeti ikikunjwa na chenji ikirudishwa. Kisha, kabla hajarudi kwangu, nikamsikia akimwambia huyo mteja kwamba binti yake ameandika kuhusu hili soko kwa Kiingereza, na kwamba yeye mwenyewe yumo ndani.