Chupa ya Ivonete Ilisoma Sifuri

Saa kumi na mbili asubuhi Ivonete Barcelos anaiinamia pampu ya floridi, anasikiliza mdundo wake, kisha anachota maji ya kupima. Huu ni mwaka wake wa kumi na tisa katika mtambo wa maji wa Lajedo Alto, mji mdogo wa milimani huko Brazili.

Kila lita inayotoka hapa sharti iwe na miligramu 0.7 za floridi, kinga ya meno ya watu elfu tisa. Ivonete hana mzaha na namba hiyo.

Machi mwaka huu kipimo kilimsomea sifuri. Akatimua mbio hadi kwenye pampu, akaikuta nzima, inadunda. Aliporudi mezani ndipo akaona kosa lake. Alikuwa amepima chupa yake ya kunywa, aliyoijaza bombani kwake, mtaa wa Alto da Caixa, hapo juu tu ya mtambo.

"Niliipima tena," anasema. "Sifuri ileile."

Jamani, wiki moja tu kabla, mjukuu wake Tainá, mwenye miaka sita, alikuwa ameng'olewa meno manne kwa mpigo. Bibi mtu alimgombeza mbele ya daktari kwa kupenda peremende.

Alimfuata Seu, yaani Bwana, Adalberto, fundi bomba mstaafu wa mtambo, akamkuta kibarazani na kahawa yake. Mzee hakuzungukazunguka. Mwaka wa ukame mtaa ulikauka, mafundi wakaamriwa watoe bomba la haraka kwenye maji yaliyokwisha kutiwa klorini, ila kabla ya chumba cha floridi. Lilikuwa la miezi miwili tu.

"Sasa ni miaka kumi na minne, Dona Ivonete. Nilidhani mnajua."

"Floridi ninaitia kwa mikono yangu, Seu Adalberto. Ningejuaje kwamba kwangu haifiki?"

Nyumba mia tatu na kumi na mbili, za wachuma kahawa na wafua nguo, zinalipia maji bei ileile ya watu wa bondeni. Ivonete alibeba chupa mbili, moja ya maji ya mtambo na moja ya bombani kwake, hadi kwenye baraza la mji, akazipima mbele ya madiwani. Waliahidi kulihamisha bomba Oktoba.

Kwa sasa, kila akitoka kazini anapanda mlima na dumu la lita tano za maji ya mtambo kwa ajili ya Tainá. Majirani nao huja na vikombe, naye hamnyimi mtu, hata kama dumu linaisha kabla ya chakula cha jioni. Amekwisha kumwomba mtoto radhi. Oktoba anataka kupima bomba la kila nyumba, mlango kwa mlango.

"Jino lake la kwanza la ukubwani limeshachomoza," anasema. "Halijui habari ya kungoja Oktoba."