Mpira Ambao Hakuna Aliyekuja Kuupokea

Niliondoka Nakuru kwa hasira, sifichi. Shule niliyofundisha michezo tangu ujana wangu ilinistaafisha bila hata kikombe cha chai. Nilikuta tu meza yangu imekaliwa na mwingine. Mdogo wangu Nyambura, anayetunza wazee kule mji wa New Hope, Minnesota, Marekani, akanitumia tiketi. "Sista, kuja upumzike."

Nilipofika, ukungu ulikuwa umefunika kila kitu, hata sikujua mji unaanzia wapi. Nyambura alinijulisha kwa Mzee Harold anayemtunza, mtu wa karibu miaka mia. Alikuwa anasinzia, amekumbatia mpira mdogo uliochakaa.

"Hauachi hata akioga," Nyambura akasema. "Kila siku anataka kupelekwa uwanja aliochezea zamani, Saint Paul. Leo niko off, nita-drive."

Mchana tuliacha gari Minneapolis tukapanda treni ya Saint Paul, maana Mzee alitaka kwenda kwa reli kama enzi zake. Treni iliteleza polepole ukunguni, naye akasimulia kama anayeota. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili wachezaji walienda jeshini. Yeye jeshi lilimkataa kwa sikio bovu, timu ya besiboli ikamchukua. Kazi yake ilikuwa kukaa benchi mpaka mrushaji mpira aliyeanza mchezo alemewe, ndipo aingie kuokoa jahazi.

"Ukichoka," akasema, "kocha anakufuata hadi katikati ya uwanja, anaupokea mpira mkononi mwako. Ndivyo unavyomaliza. Mimi vita viliisha, wachezaji wenyewe wakarudi, nikakuta kabati langu lina jina la mtu mwingine. Hakuna aliyenifuata."

"Hata mimi, Mzee," nikamjibu, nikamsimulia habari za shule na meza yangu.

Uwanja wenyewe, lo! Siku hizi ni maegesho ya magari. Nyambura alimsaidia kusimama kati ya mistari, akarudi nyuma. Nilimwendea taratibu, nikainama kidogo, nikanyoosha mikono yote miwili kama tunavyopokea kitu kwa mkubwa.

Aliushika mpira kwa nguvu. "Bado naweza."

"Najua, Mzee. Umefanya kazi nzuri."

Akauweka viganjani mwangu. Kisha akasema anahisi baridi.

Tukirudi kwa treni, nilidhani amelala. Kumbe! Alifumbua macho, akanyoosha mikono yote miwili, vilevile nilivyofanya mimi.

"Sasa nipe wako."

"Sina mpira wangu, Mzee."

"Lete hivyohivyo."

Nikampa mikono mitupu. Akaipokea, akaifumbata. "Kazi nzuri, mwalimu."

Nililia, mtu mzima mimi, mbele ya abiria wa watu. Nilijifunza kwamba sikuwa nadai sherehe; nilitaka mtu mmoja tu anifuate.